Mama, Wewe Ulisema Sauti

Mama,

Barua zangu zote za shule nilizianza namna moja, bila shaka unazikumbuka: mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Mimi nilikuwa bwenini kule Kitale, wewe ulikuwa kambini Kakuma, na jirani ndiye aliyekusomea. Leo nimeshika kalamu nikakwama hapohapo mwanzoni. Nikuulizie afya gani? Na mimi nikisema ni mzima nitakuwa ninakudanganya. Nina aibu, Mama. Nimekuja kukueleza aibu yangu kwa sababu inakuhusu, na kwa sababu watu wengine wote hapa Juba wameshaisikia. Umebaki wewe tu.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Najua ungenitazama kwa lile jicho lako na kusema, "Wewe nasema na mama yako na lugha ya shule." Ndiyo, Mama, ya shule. Kibari chako nilikisikia tangu tumboni, na bado nikikifungua kinywani kinatoka vipandevipande. Wewe ulinisemesha kwa Kibari, nami nikakujibu kwa Kiswahili, miaka yote ile, na kila mmoja wetu akamngoja mwenzake achoke. Ulichoka wewe. Ukajifunza Kiswahili cha foleni ya maji na cha mgao wa chakula, ukaniongelesha nacho, na shukrani niliyokupa ni kukusahihisha.

Habari za nyumbani kwanza. Pale pako Jebel, pembeni ya wauza magodoro, sasa amekaa mama mmoja wa Arua anayekaanga chapati. Ni mtu mzuri. Wateja wako wakija kuulizia chai anawaambia mwenyewe amelala, hapendi kulitamka lile neno lingine. Jiko lako niko nalo mimi. Siku moja nilijaribu kupika chai yako, tangawizi ikaungua, nikainywa hivyohivyo kwa ubishi. Kiti chako cha bluu kilivunjika mguu mmoja na sikukitupa. Mvua ilichelewa, kisha ikaja yote kwa pamoja. Uchaguzi bado unasemwa kwamba unakuja. Ulikuwa ukicheka kila uliposogezwa, ukasema huo uchaguzi ni kama bibi harusi wa watu fulani, kila siku anavaa na hatoki nje.

Basi, kwenye habari za uchaguzi ndipo aibu yangu ilipo.

Mwalimu Poni hakukosa hata siku moja matangani kwako. Alikuja na gauni lake la shule, chaki bado kwenye kiganja, akakaa na wanawake akaosha vyombo. Nilimtazama nikakumbuka jinsi alivyosimama nawe kwa chifu wakati shemeji zako walipotaka kukitwaa kiwanja cha Rejaf, kaburi la Baba bado bichi. Wanaume wale walipiga kelele, yeye akawa anangoja wanyamaze, kisha anarudia maneno yaleyale kwa upole, mpaka wakachoka wao. Kiwanja kikabaki chako. Na ni kwenye vile viti vyako vya plastiki, wewe ungali hai, kati ya kikombe na kikombe, ndipo wanawake wa soko walipomwambia asimame agombee ubunge, aende kwenye Bunge la taifa akawaambie na wakubwa vilevile, kwa upole, mpaka wachoke. Wewe ndiye uliyeanza. Nilikuwepo.

Unajua masharti yake. Hagawi chumvi, hagawi sukari, hagawi fulana. Anasema aliyekununua hana haja ya kukusikiliza. Anataka wajane wapewe hati za viwanja kwa majina yao, wasichana waliozaa warudishwe darasani, na mbunge arudi kila mara kwa watu akae chini aulizwe maswali. Watu wa kwetu walimsikia wakaguna. Mgombea asiye na chumvi! Wapi na wapi? Lakini alikuwa na kitu kimoja tu ambacho wenzake hawakuwa nacho, na kitu hicho ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumshika kwa uongo. Mtaji wake wote ulikuwa huo, Mama. Nami ndiye niliyekabidhiwa.

Baada ya mazishi aliniita, akaniambia, "Sauti yako imefanana na ya mama yako. Nizungushie matangazo." Nilifurahi hadi nikasahau kwamba nina msiba. Niliomba ruhusa kazini kwangu, hotelini Hai Amarat, nikakodi raksha ya Ssali, yule Mganda wa magurudumu matatu aliyekuwa akikubebea makaa, tukafunga spika juu ya paa, tukaenda Rejaf. Mwalimu Poni alitaka kuzungumza na watu wa huko Jumapili, baada ya misa, kwenye uwanja wa kando ya kanisa. Kazi yangu ilikuwa kuwaambia waje. Kazi ya kitoto, nikasema moyoni.

Mwalimu aliniuliza kama Kiarabu changu cha Juba kinatosha. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Tena nilimjibu kwa maringo, unanijua. Nilikuwa na nadharia yangu, niliyoiokota Kitale kwa mwalimu wa Kiswahili: kwamba Kiswahili kimechukua maneno mengi sana kwa Waarabu. Kitabu ni kitab, habari ni kabar, wakati ni wakti. Kwa hiyo nikishindwa na neno la Kiarabu, natia la Kiswahili, nalipunguza mkia, linapita. Sokoni lilipita mara nyingi. Au labda watu walinihurumia tu.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Sikujua kwa Kiarabu chetu mtu anasemaje kupiga kura. Ningemuuliza nani? Ssali mwenyewe anasema "mimi iko" kama wewe, na Kiarabu chake ni cha kuuliza bei. Basi nikachukua neno letu zuri la Kiswahili, nikalitia katikati, nikalipeleka hewani kwa spika: Jumapili, kando ya kanisa, Mwalimu Poni anakuja, ashan kura. Yaani, kwa ajili ya kura. Wote njooni, wakubwa kwa wadogo, ashan kura!

Aki Mama, laiti ungeona walivyonipokea. Watoto walikimbia nyuma ya raksha wakiimba kura, kura. Vijana walitoka mashambani na majembe begani wakanipungia mkono. Wavuvi walisimama ndani ya mitumbwi yao. Mimi nikamgeukia Ssali nikamwambia ona, siasa imewaingia watu, na wale wanaosema vijana hawajali waje hapa. Tulizunguka hadi spika ikaanza kukoroma. Tuliporudi siku ya pili kukumbusha, tulikuta uwanja umefyekwa nyasi, na mianzi imesimamishwa huku na huku. Nilidhani wanajenga jukwaa.

Jumapili ikafika. Mwalimu Poni alikuja na Biblia yake na karatasi moja ya mambo ya kusema. Uwanja ulijaa. Haki ya Mungu, sijawahi kuona umati ule. Kina mama walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wazee kwenye viti vya kanisa, na pale mbele, vijana wa ng'ambo ya mto, wamevuka mapema asubuhi, wamevaa jezi. Na vijana wa Rejaf wamevua mashati ili watofautiane nao. Mwalimu akaniuliza kwa sauti ya chini mbona wengine wamevaa kaptura. Nikamjibu ni joto.

Akasalimu, akashukuru, akaanza kuzungumza habari za viwanja vya wajane. Walimsikiliza kwa adabu kwa muda. Kisha kijana mmoja mrefu akanyanyua mkono na kuuliza, bila ubaya wowote, "Mwalimu, kura wen?"

Kura iko wapi.

Kura, Mama. Wewe unajua, nakwambia tu kwa sababu mimi sikujua: kwa Kiarabu cha Juba kura ni mpira. Mpira wa miguu. Nilikuwa nimewazungushia watu wa Rejaf tangazo kwa siku mbili kwamba Mwalimu Poni, mgombea asiyegawa kitu, anawaletea mpira. Ile mianzi ilikuwa magoli.

Mwalimu alinitazama. Hakuelewa bado. Kijana akarudia, na wengine wakadakia, kura wen, kura wen, na mikono ikaanza kunielekea mimi, yule wa spika, ndiye aliyesema. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilichofanya ni hiki: niliingia nyuma ya raksha nikajifanya ninatengeneza waya. Waya ambao haukuwa na shida yoyote. Ssali akaniangalia, akageuza uso. Kutoka huko nyuma nilisikia mtu akilitamka neno la kwanza, kadab, mwongo, kisha likapokelewa na wengi. Walikuwa hawaniambii mimi. Walikuwa wakimwambia Poni.

Yeye alinyanyua mkono. Alikuwa ameshaelewa. Angeweza kunitaja, ningekuwa nimestahili, na umati ule ungenicheka nikaenda zangu na yeye akabaki msafi. Badala yake alisema hivi, nimelishika kila neno: "Hakuna aliyetaka kuwadanganya. Neno limepotea njiani, na mwenye safari ni mimi." Akainama mbele ya wale vijana wa ng'ambo, akawaomba radhi kwa kuvuka mto bure. Kina mama wakaanza kukunja mikeka. Mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa. Wale vijana walirudi mtoni na jezi zao, mmoja ameshika viatu vya mpira vilivyofungwa kwa kamba shingoni, na sikumwona uso kwa sababu sikuthubutu kumwangalia.

Kesho yake gari kubwa jeusi la yule mheshimiwa mwingine anayegombea naye, usiniulize jina, lilifika Rejaf na wavu umejaa mipira. Mipya, inang'aa. Nasikia waliimwaga uwanjani wakasema hii sasa ndiyo kura. Walikuwa hodari kwa hilo, siwezi kukataa. Na mchezo ukachezwa kwenye magoli yaleyale yaliyosimamishwa kwa sababu yangu.

Tangu hapo Mwalimu anaitwa Mama Kura. Akipita sokoni Jebel, vijana wa boda wanajifanya wanapiga danadana. Yeye anatabasamu na kuwapungia mkono. Wahenga walisema heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, akaanguka yeye.

Nilirudi hotelini nikajificha kwenye kazi. Nilikuwa nikipokea wageni kwa Kiingereza safi, karibu sana, chumba chako kiko tayari, na kila nilipojisikia nikitamka vizuri nilizidi kuona haya. Habari ikanifuata huko. Mueni, mwenzangu wa mapokezi, yule Mkamba uliyekuwa ukimwita binti wa meno, alicheka mpaka akalazimika kukaa chini. Mimi nilinuna. Alipojifuta machozi akaniuliza swali la kawaida kabisa, kwamba sasa hao watu wenu kura wanaiitaje? Nikamwambia nimeshauliza, wanasema sot. Akasema, "Sot? Si ni kama sauti?"

Nilikuwa nimeshika funguo za mgeni. Niliziweka mezani nikaenda nje.

Mama, kuna siku moja pale kwako. Nilikuwa nimetoka kazini, nimevaa shati jeupe, nimekaa kwenye kiti cha wateja. Wanaume walikuwa wakibishana habari za Poni, na wewe huku ukimimina ukasema kwa Kiswahili, ili nami nisikie, ili unifurahishe, "Mimi natoa sauti yangu kwa Poni." Nami mbele ya wote wale nikakwambia, "Mama, haisemwi sauti. Inasemwa kura." Nilisema kwa lile koo la ualimu. Ukamalizia kumimina, ukaweka sukari, ukasema, "Haya. Kura. Mimi natoa kura yangu kwa Poni." Yule dereva wa boda aliyekuwa kwenye kona akatema chai kwa kicheko. Akasema Mama Kiden anampa Poni kura, sasa Poni atacheza namba ngapi? Wote wakacheka. Na mimi nilidhani wanacheka sarufi yako. Nilikuonea haya, Mama. Mimi, nikakuonea haya wewe.

Ulikuwa umelisema sawasawa. Ulilibeba kutoka lugha moja hadi nyingine bila kumwaga hata tone, na mimi nikakupokonya. Tena neno lenyewe liko hata katika Kiswahili changu cha shule, lilikuwa limekaa tu hapo linaningoja. Na ushahidi wote niliupata siku hiyohiyo, kicheko cha mtu mzima na chai juu ya meza, na bado nikaenda Rejaf na spika.

Tangu siku ile hukuzungumza tena habari za uchaguzi nikiwepo. Nilidhani umechoka na siasa. Kisha ukaanza kulalamika kifua, na hospitali, na yale mengine unayajua. Siku zako za mwisho nilikuita jina asubuhi ili nijue kama umelala au la, na ulinijibu kila siku kwa neno moja, "Mimi iko." Hata hapo, Mungu anisamehe, ulimi wangu uliwashwa kusema si iko, ni niko. Sikusema. Hilo peke yake ndilo ninaloweza kujisifu nalo.

Nilimwendea Mwalimu Poni shuleni. Nilikuwa nimejipanga kumwambia atafute mtu mwingine, mimi sifai. Alikuwa anasahihisha madaftari, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Kisha akasema kuacha ni rahisi, na kwamba kama ningetaka kitu rahisi ningebaki nyuma ya raksha. Kumbe aliniona. Akasema nitarudi Rejaf, nitasema mwenyewe, bila spika, na kwa lugha yao. Nikamwambia lugha yao sijui vizuri. Akajibu, "Ndiyo maana."

Tulikwenda Jumamosi, Ssali, Mwalimu na mimi. Mwalimu alikaa nyuma kabisa kwenye mkeka wa kina mama, kimya, kama aliyekuja kwa mambo yake. Umati haukuwapo. Palikuwa na wanawake kadhaa wakipepeta mtama kando ya kanisa, wazee wachache, na vijana uwanjani wakicheza kwa ule mpira wa mheshimiwa. Hawakuacha kucheza. Kila nilipofungua mdomo mtu alifunga goli.

Nikawasalimu kwa Kibari. Ile salamu uliyonifundisha nikiwa mdogo, ndiyo pekee ninayoitamka bila kukwama. Bibi mmoja mwembamba, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, akaacha ungo wake na kusema kwamba hiyo ni salamu ya asubuhi, jua linakaribia kutua, sasa wewe unatuamsha twende wapi? Wanawake wakacheka. Nilisikia jinsi jambo hili linavyokuwa, Mama, kusahihishwa mbele ya watu. Nimelisikia sasa. Nilitaka kurudi kwenye raksha.

Nikabaki. Nikawaambia kwa Kiarabu changu kibovu, ana galtan, nimekosea. Nikasema Mwalimu Poni hakuahidi mpira, niliyesema ni mimi, na nilisema kwa sababu sikujua neno na nikaona haya kuuliza. Nikasema siku ile alipoitwa mwongo mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya raksha nikishika waya mzima. Ssali, ambaye haelewi hata nusu, akatikisa kichwa kuthibitisha waya. Nikasema nilichotaka kuwaomba ni sot. Sauti. Wala sikuja kuwaomba leo, nimekuja kuwaambia tu nani alikosea.

Yule bibi akaniangalia juu hadi chini. Akaniuliza, "Ita wele ta munu?" Wewe ni mtoto wa nani.

Nikamwambia, wa Kiden, aliyekuwa akiuza chai Jebel.

Akaweka ungo chini. Akasema Kiden wa chai? Akawageukia wenzake, wakaanza kuzungumza Kibari cha haraka, nikawa nadaka neno hapa na neno pale, hadi Mwalimu Poni akainuka kule nyuma akasogea, uso umembadilika, akanitafsiria. Kumbe naye hakujua. Bibi alikuwa anasema wewe ulikuja Rejaf. Si mara moja. Zile siku uliponiambia umekwenda kutafuta makaa ya bei nafuu, ulikuwa huku, kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kifua hicho kinakubana, unakaa na kila mwanamke unamweleza habari za kiwanja chako na jinsi Poni alivyosimama. Unamwomba sauti yake. Na walikupa. Wanawake hawa hawa waliokunja mikeka Jumapili ile, walikuwa wameshakupa wewe neno lao kabla mimi sijafunga spika kwenye paa la mtu. Ile kazi ilikuwa imeisha. Mimi nilikuja kuibomoa.

Ulinificha, Mama. Ulikwenda kuyasemea mbali na masikio yangu, kwa lugha yako, mahali ambapo hakuna wa kukusahihisha. Nilisimama pale nikalia mbele ya watu nisiowajua na sikutafuta raksha.

Bibi hakunibembeleza. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, na hili sikuhitaji kutafsiriwa, kwamba sauti zao walimpa Kiden, na Kiden amekufa. Sasa amezibeba nani? Akangoja. Wote wakangoja, hata wale waliokuwa wakipepeta.

Nikajibu, "Ana fi."

Ndivyo watu wanavyosema hapa, unajua, mtu akiitwa na akawepo. Ana, mimi. Fi, iko. Nilijisikia nikilitamka na nikasimama mdomo wazi. Mimi iko. Miaka yote ile hukuwa unakosea Kiswahili. Ulikuwa unanijibu kwa Kiarabu cha nyumbani, umekivika nguo za shule yangu ili nikitambue.

Sitakudanganya kwamba mambo yamenyooka. Vijana hawakuacha mpira wao, na mmoja aliniita Kura nikipanda raksha. Mheshimiwa bado ana gari na wavu. Bibi alisema watafikiri, hakusema zaidi, akarudi kwenye mtama wake. Tulipofika darajani Mwalimu Poni akasema, "Kiden alitembea na kifua kile," kisha akageuka upande wa mto. Anaweza kushindwa. Akishindwa, sehemu ya kushindwa huko nitakuwa nimeitengeneza kwa mkono wangu, au tuseme kwa mdomo, na nitaishi nayo.

Nimeanza kwenda Rejaf kila nipatapo siku ya mapumziko. Bila spika. Nafuata nyumba zako. Bibi wa kitambaa cha kijani ananielekeza, hapa alikaa, hapa alikunywa maji, hapa alisema anapumzika kidogo akasinzia. Nikifika nawasalimu kwa Kibari, wananisahihisha, narudia. Hilo si tatizo, Mama. Nalipokea kama deni. Jana msichana wa darasa la pili alinisahihisha mara tatu kwenye sentensi moja na mama yake akataka kumkanya, nikamwambia amwache.

Sauti yako yenyewe haitahesabiwa. Hakuna sanduku linalopokea ya marehemu. Lakini zile ulizokusanya ninazifuata moja moja, na siku ya uchaguzi ikifika, ikisogezwa tena au isisogezwe, nitakuwa mlangoni mapema, nitoe yangu, na mtu akiniuliza nimekuja kufanya nini nitamjibu kwa neno lako. Sitamsahihisha tena mtu anayeniambia kitu kwa upendo. Hilo nakuahidi, na unaijua tabia yangu, kwa hiyo unajua uzito wa ahadi.

Nimekitengeneza kile kiti cha bluu, nimekifunga kwa waya. Pumzika, Mama. Leo ukiniita jina kutoka huko uliko, kwa lugha yoyote, sitakuuliza umesemaje. Nitakujibu ulivyonijibu.

Mimi iko.

Mwanao,
Wani